Manowari Isiyokwenda Popote: Kwa Nini Bado Inahitaji Chelezo

Swali la msomaji wa Kigoma: Nimesoma kwamba Wamarekani wametumia makumi ya mamilioni ya dola kuitengeneza manowari ya zamani iitwayo Texas, ambayo siku hizi ni makumbusho tu na haijaenda vitani tangu mwaka 1945. Meli iliyofungwa gatini bila kazi inaharibikaje kiasi hicho? Kwa nini isivutwe nchi kavu ikakaa huko moja kwa moja? Na sisi tunaosikia kila mara kwamba Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, iwe makumbusho, tuna la kujifunza hapo?

Jibu: Ndani ya swali lako imo dhana ambayo wengi wanayo, kwamba kinachoichakaza meli ni safari. Kwa meli ya chuma mambo yanakaribia kuwa kinyume. Meli iliyo kazini ina mabaharia wanaoshuka ngamani kila siku kutazama kama maji yameongezeka, wanaokwangua kutu na kupaka rangi bila kungoja kuambiwa, na kila baada ya miaka michache hupandishwa kwenye chelezo, yaani mahali pa kuitoa meli majini ili itengenezwe, kwa sababu wakaguzi na watu wa bima hawatairuhusu iendelee vinginevyo. Siku inapogeuzwa kuwa makumbusho, watu hao wote hushuka na kwenda zao, ratiba ya chelezo hufutika, na mahali pao huja mkata tiketi na mlinzi wa usiku. Maji yanaendelea na kazi yake kama kawaida.

Mafundi wa majahazi wa Lamu na Unguja hawahitaji kufundishwa jambo hili. Chombo chao husubiri bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, kikapandishwa ufukweni, maji yanapokupwa hukwanguliwa, hukalafatiwa na kupakwa shahamu na chokaa, na hakuna nahodha anayeona kwamba kukaa bandarini msimu mzima kunamwondolea wajibu huo. Tofauti ya manowari ni uzito tu. Jahazi huinuliwa na maji ya bamvua pamoja na mikono ya watu. Texas, yenye urefu wa karibu mita 175 na uzito wa zaidi ya tani 25,000, inahitaji chelezo ambacho ni bandari chache sana zinacho, na ambacho hukodishwa kwa bei ya soko pamoja na meli za mafuta na za mizigo zinazosubiri foleni.

Tuitazame Texas yenyewe, maana historia yake ina karibu kila kosa linaloweza kufanywa na karibu kila juhudi ya kulirekebisha. Iliingia kazini Machi 1914, ikahudumu katika vita vyote viwili vya dunia, ikapiga mizinga kwenye ufukwe wa Normandy tarehe 6 Juni 1944, kisha ikapelekwa Pasifiki, Iwo Jima na Okinawa. Mwaka 1948 jeshi la wanamaji liliikabidhi kwa jimbo la Texas, nayo ikafungwa katika gati lililochimbwa kando ya uwanja wa vita wa San Jacinto, karibu na Houston. Ilikuwa manowari ya kwanza Marekani kufanywa makumbusho ya kudumu. Walioipokea walikuwa na mapenzi makubwa nayo, lakini hawakuwa na mpango wowote wa kuitoa tena majini. Ikakaa hivyo miaka 40. Mwaka 1988 ilivutwa hadi Galveston ikiwa katika hali mbaya sana, ikatengenezwa na kurudishwa San Jacinto mwaka 1990. Baada ya hapo ikakaa tena zaidi ya miaka 30 bila kuguswa na chelezo. Mwaka 2012 ilianza kuvuja kwa kasi ya maelfu ya lita kila dakika, na kuanzia hapo ikawa inaelea kwa hisani ya pampu.

Mwaka 2019 bunge la jimbo liliidhinisha dola milioni 35 kwa ajili ya matengenezo. Tarehe 31 Agosti 2022, baada ya sehemu zilizokuwa zikivuja kujazwa povu zito la plastiki ili isizame njiani, boti za kuvuta meli ziliipeleka Galveston na kuipandisha kwenye chelezo kinachoelea. Ilishuka Machi 2024, mamia ya tani za chuma cha zamani yakiwa yamekatwa na kubadilishwa, na gharama yote ikiwa imepita sana kile kiasi cha mwanzo. Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza: fedha zile hazikutumika kuifanya meli isafiri, zilikuwa deni la matengenezo ya miaka 70, likiwa limelipwa mara moja pamoja na riba yake.

Sasa nieleze chuma kinavyokwisha, kwa sababu wengi hudhani kutu ni jambo la nje tu ambalo rangi nzuri inatosha kulizuia. Kutu ni kitendo cha kikemia kinachoandamana na mkondo mdogo wa umeme, na kinahitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi hukiharakisha kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Mahali paliwapo zaidi ni pale kwenye mstari wa maji, ambapo ubavu hulowa na kukauka mara elfu kwa mwaka na hewa haikosekani. Meli inayosafiri hubeba mizigo tofauti, kwa hiyo mstari huo hupanda na kushuka. Meli ya makumbusho huelea kwenye kimo kilekile miongo mingi, ukanda uleule wa chuma ukishambuliwa bila kupumzika. Chini zaidi, pale ambapo tumbo la meli limekaa kwenye tope, hakuna oksijeni, lakini wapo bakteria wanaoishi bila hewa ambao nao hula chuma kwa namna yao. Gati la San Jacinto lilikuwa na vyote: maji ya chumvichumvi, tope lililojikusanya, na meli isiyosogea.

Ndani ya meli hali huwa mbaya zaidi kuliko nje, na huko ndiko wakaguzi wasio na uzoefu wanakodanganyika. Manowari za kizazi cha Texas zina mamia ya vyumba vidogo chini ya sitaha, pamoja na matangi ya mafuta na nafasi tupu ubavuni zilizoongezwa baadaye ili kuikinga na topido. Nafasi hizo hazikukusudiwa kuingiwa na mtu kila siku. Hewa yenye unyevu ikifungiwa humo, usiku hugeuka matone juu ya chuma baridi. Maji kidogo ya mvua yakipenya sitaha hutuama pembeni ambapo hakuna tochi inayofika. Bamba la chuma lililoanza na unene wa sentimita moja na zaidi hubaki kama ganda la yai, na kwa nje bado limepakwa rangi ya kijivu inayong’aa. Ndiyo maana mtaalamu haamini macho. Hutumia kifaa kinachopeleka mawimbi ya sauti ndani ya bamba na kupima unene uliobaki, nukta baada ya nukta, na ramani ya vipimo hivyo ndiyo inayosema kama meli inaweza kuvutwa bila kukatika.

Kinga iliyozoeleka chini ya maji ni vipande vya metali inayoliwa upesi kuliko chuma vinavyofungwa kwenye tumbo la meli ili viliwe badala ya chuma. Vinaitwa anodi. Ni rahisi kuvifunga, ila navyo huisha, na vikishaisha bila mtu kujua, kinachofuata kuliwa ni meli yenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ndilo la kusikitisha zaidi, nalo ni madhara ya matengenezo yaliyofanywa kwa nia njema. Sitaha ya mbao ya Texas ilipooza, mwaka 1968 iliondolewa na mahali pake pakamwagwa zege. Ilionekana ni hatua ya busara na ya bei nafuu. Zege likapasuka kutokana na joto na mtikisiko mdogo wa kila siku, maji ya mvua yakapita kwenye nyufa na kuingia vyumba vya chini, nayo hayakuwa na njia ya kutoka. Kwa miaka 20 hivi meli ikawa inaoza kutoka juu huku watu wakihangaikia maji ya chini, hadi zege hilo lilipong’olewa katika matengenezo ya 1988 hadi 1990 na mbao zikarudishwa.

Kiraka cha chuma nacho kina hila yake. Bamba likitoboka, fundi mwenye haraka huchomelea bamba jipya juu ya lile la zamani. Uvujaji hukoma siku hiyohiyo na wenye meli hufurahi. Lakini kati ya mabamba mawili hubaki nafasi nyembamba inayoshika unyevu, na zaidi ya hapo, meli ya mwaka 1914 haikuchomelewa, iliungwa kwa ribiti, yaani misumari ya chuma inayopondwa ncha ili isitoke. Joto la kuchomelea hulegeza ribiti za jirani, zikaanza kuvuja kando ya kiraka, na kiraka cha pili huitwa kuja kusaidia cha kwanza. Ongeza hapo milango iliyotobolewa kwenye kuta za ndani ili watalii wapite bila kupanda ngazi. Kuta hizo ziliwekwa ili chumba kimoja kikijaa maji, cha jirani kibaki kikavu. Ukizitoboa, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kikizuia tundu dogo lisiizamishe meli nzima.

Mfano wa karibuni ni The Sullivans, distroya iliyopewa jina la ndugu watano wa familia moja waliokufa pamoja baharini mwaka 1942. Imefungwa Buffalo, kwenye maji baridi ya Ziwa Erie, yasiyo na chumvi. Aprili 2022 ilijaa maji ndani ya muda mfupi ikalala ubavu na kukaa chini, wakati ambapo kazi ya kuziba tumbo lake ilikuwa imeanza lakini haijakamilika. Distroya ilijengwa iwe nyepesi na yenye kasi, kwa hiyo mabamba yake yalikuwa membamba tangu siku ya kwanza. Tena maji yakishaingia hayatulii mahali pamoja: meli ikiegemea kidogo, maji yote hukimbilia upande huo na kuivuta zaidi, na ndiyo sababu meli hizi huonekana salama jioni na asubuhi hukutwa zimelala.

Nije kwenye swali lako la pili, la kuivuta nchi kavu. Imefanyika, na mahali pengine imefanikiwa. Victory, meli ya mbao iliyombeba admirali wa Uingereza Nelson katika vita vya Trafalgar, imekaa kwenye chelezo kikavu huko Portsmouth tangu mwaka 1922. Nchi kavu haikumaliza matatizo yake. Meli husanifiwa ikijua kwamba maji yataibeba sawasawa kila mahali. Ukiikalisha juu ya nguzo chache, uzito wote hukusanyika kwenye nguzo hizo, na katikati kati ya nguzo na nguzo mwili huanza kulegea na kupinda. Wahandisi waligundua kwamba Victory ilikuwa inajiponda kwa uzito wake yenyewe, wakaiwekea nguzo mpya zaidi ya 100 zinazopimwa mzigo muda wote. Wakati huohuo mvua inaozesha mbao zake na wadudu wanazitoboa, na matengenezo makubwa yaliyoanza mwaka 2022 yalipangwa kuchukua miaka kama kumi.

Wajapani walikwenda mbali zaidi. Mikasa, manowari iliyombeba Admirali Togo katika vita vya Tsushima mwaka 1905, imezikwa nusu katika udongo na zege pale Yokosuka na kufunguliwa kama kumbukumbu mwaka 1926. Haitazama kamwe. Ila kile kilichozikwa hakiwezi kukaguliwa wala kutengenezwa, na chombo kilichobaki ni jengo lenye umbo la meli. Silaumu uamuzi huo, kwa kuwa bila zege hilo leo kusingekuwa na Mikasa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilivuliwa mizinga na vifaa vyake, sitaha ikawekwa ukumbi wa dansi. Ilirudishiwa heshima yake mwaka 1961.

Njia ninayoipenda mimi kwa meli kubwa ambayo haina chelezo karibu ni ile iliyotumika kwa manowari North Carolina, kule Wilmington, Marekani. Walijenga ukuta wa kudumu wa mabamba ya chuma kuizunguka meli mahali ilipo, wakamaliza mwaka 2018. Maji yakipampuliwa kutoka ndani ya ukuta, tumbo la meli huwa wazi na mafundi hushuka na kufanya kazi sehemu kwa sehemu. Kazi ikiisha, maji hurudishwa na meli huendelea kubebwa na maji kama ilivyozoea. Gharama ya mwanzo ni kubwa, lakini hakuna tena safari ya hatari nyuma ya boti za kuvuta, ambayo kwa chombo dhaifu ndiyo siku ya hatari kuliko zote.

Mahali ambapo chelezo kipo karibu, hakuna haja ya ustadi mwingi kiasi hicho. Kinachohitajika ni nidhamu. Constitution ya Boston, meli ya mbao ya mwaka 1797, hupandishwa kila baada ya miaka 20 hivi, mara ya mwisho kati ya 2015 na 2017, na jeshi la wanamaji linatunza msitu wa mialoni huko Indiana kwa ajili ya mbao zake. Manowari New Jersey ilivuka mto mwaka 2024 hadi chelezo cha Philadelphia, baada ya zaidi ya miaka 30, ikakaguliwa matundu yote ya kuingizia maji, ikabadilishiwa anodi, ikapakwa rangi na kurudi gatini kwake ndani ya miezi mitatu. Linganisha na Texas: New Jersey ilikwenda ikiwa bado nzima, Texas ilikwenda ikiwa hoi. Chelezo cha mapema ni matengenezo, cha kuchelewa ni upasuaji.

Wasiokuwa na fedha wala nidhamu mwisho wao unajulikana, na haujali ukubwa wa jina. India ilikuwa na Vikrant, meli yake ya kwanza ya kubebea ndege, iliyostaafu mwaka 1997 na kufanywa makumbusho huko Mumbai. Kufikia mwaka 2012 ilifungwa kwa umma kwa sababu haikuwa salama tena, ikapigwa mnada, na wapenzi wake wakaipigania hadi mahakama ya juu kabisa nchini humo bila mafanikio. Ilianza kukatwa mwishoni mwa 2014. Sehemu ya chuma chake ilinunuliwa na Bajaj, walewale wa pikipiki na magurudumu matatu ya mitaani kwetu, ikayeyushwa na kuingizwa katika pikipiki zilizotoka mwaka 2016. Wakati huohuo India hiyohiyo ina nyambizi Kursura, ndogo, iliyovutwa hadi mchangani huko Visakhapatnam na kufunguliwa kama makumbusho mwaka 2002, na bado inapokea wageni. Nyambizi moja iliyo ndani ya uwezo wako ni bora kuliko meli ya ndege iliyokushinda.

Hapa nitasema lisilowapendeza wapenzi wa meli, nikiwemo mimi: kuna meli ambazo ni afadhali zisipokelewe. Mji au serikali isikubali kukabidhiwa chombo hadi fedha za kukipandisha kwenye chelezo mara ya kwanza ziwe zimewekwa kando, na chelezo chenyewe kijulikane kiko wapi. Kama hilo haliwezekani, hifadhini sehemu. Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoangamizwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, haipo tena kama meli. Lakini mizinga yake iliopolewa, ikatumika nchi kavu vitani, na mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Watoto wa shule wanaupanda na kuuliza maswali. Hauvuji.

Mzinga mwingine wa Königsberg ulipelekwa kwenu Kigoma na kufungwa juu ya Graf von Götzen, nayo ndiyo Liemba. Kwa hiyo hata nyinyi mnazungumzia meli iliyokuwa manowari. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaungwa upya Kigoma na kuingia ziwani Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 baada ya mafundi kuzipaka mitambo grisi nene, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Miaka karibu minane chini ya maji bila kufa ni ushahidi wa mambo mawili: grisi, na maji yasiyo na chumvi.

Msiutegemee ushahidi huo kupita kiasi, maana The Sullivans nayo ilikuwa kwenye maji matamu. Kilichoiokoa Liemba kwa karibu karne moja baada ya hapo ni kwamba ilikuwa na kazi, na meli yenye kazi hupandishwa. Ikifungwa gatini na kuwekewa mkata tiketi, saa ya kutu huanza kuhesabu. Ushauri wangu, kwa hiyo, ni kwamba ikiwezekana itembee, hata kama ni safari chache za watalii kwa mwaka, kwa kuwa cheti cha kusafiri kitawalazimisha wenye dhamana kuipandisha kwenye chelezo kwa wakati. Ikishindikana, na ikaamuliwa ikae nchi kavu, basi mahali pa kuikalisha papimwe kwa kuzingatia kwamba Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka kwa miaka. Mafuriko ya Bujumbura ya miaka ya karibuni yanatosha kuwa onyo. Nguzo za kuibeba ziwe nyingi na ziwekwe chini ya mataruma yake, yaani mbavu za meli, na paa lijengwe juu, kwa sababu jua na mvua ya Kigoma vitafanya kazi ambayo ziwa halikuwahi kuifanya. Ikibaki majini, anodi ziwe za magnesi. Zinki, ambayo wauzaji wengi huleta kutoka pwani, haifanyi kazi vizuri kwenye maji yasiyo na chumvi.

Na kabla ya yote hayo, unene wa mabamba upimwe na kuandikwa. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli, na juu ya sitaha mengi yamebadilishwa mara nyingi, kwa hiyo kilichobaki cha Papenburg ni mwili wenyewe na ribiti zake. Kila bamba linalopaswa kuondolewa lipigwe picha, lipimwe, na kipande chake kihifadhiwe kikiwa na ribiti zake, na fundi wa kuchomelea asiruhusiwe kuweka kiraka juu ya bamba la zamani hata kama ratiba inambana.